Kiraka ya Kilo ya Mutoto

Ndugu yangu, weye mwenye nikikuambia kintu hauitembeze mu njia, karibu, vuta kiti. Hii habari naiwaza mupaka leo.

Minye ni mama ya batoto, tuko hapa Likasi, ku Shituru. Bwana yangu anatumika ku usine, kiwanda ya shaba. Minye natumika ku dispanseri ndogo: napokea bagonjwa, nabapima kilo, naandika mu mashini, njo kompyuta. Mashini nilijifunza mu masomo ya mangaribi, kiisha kupikia batoto. Mwalimu alitufundisha ata kusoma kidogo mambo yenye inaandikwa ndani ya programu.

Programu yetu ya ku dispanseri ni ya bure. Unaandika miaka na kilo ya mugonjwa, inakuonyesha kipimo ya dawa. Na matumbo yake iko wazi: kila muntu anaweza kuona vile ilitengenezwa. Ukiona fasi yenye kuharibika, unashona kiraka, njo kusema unaandika vile inafaa kuwa, unaipelekea balinzi ya ile programu, benye kuichunga. Ni bantu ya mbali, hatujue sura yao. Banaangalia kiraka, ikiwa muzuri banaiingiza, na dispanseri zote zinaipata. Hakuna mwenye kubalipa.

Sasa sikia. Asubui moya tulipima papa mumoya, mwanaume munene kabisa. Yeye akatoka, akaingia mama na katoto kake. Kanalia, kanarusha miguu, kanakatala kukaa ku kipimo. Nikasema, "Basi, tutakapima nyuma, kakitulia." Mu fasi ya kilo sikuandika kintu. Nikabonyeza, mashini ikaonyesha kipimo ya siro, dawa ya maji, nikaipelekea mama munganga. Akasoma, akaniangalia.

"Mama, hii siro ni ya katoto ao ni ya ngombe?"

"Ni ya katoto, mama munganga."

"Basi ni weye utaenda kumuambia mama yake kama tumekaua."

Bamama benye kuketi ku mulango balicheka, balizani ni mazaha. Minye sikucheka. Nikarudia ku mashini mbio. Mu ile fasi yenye sikuandika kintu, mulikuwa kilo ya ule papa. Mashini haikuifuta. Ilivalisha katoto mwili ya papa muzima.

Unajua nini njo ilinikatisha roho? Dispanseri ya ku Kapolowe inatumika na ile ile programu. Na mudogo yangu mwanamuke iko kule, analima mihogo, na amezaa mutoto yake ya kwanza kiisha kulia miaka mingi mbele ya Mungu.

Nikamupigia telefone. "Ukienda ku munganga, bapime mutoto mbele ya yote. Na weye useme kilo na sauti, uangalie vile banaandika."

"Yaya, dada yangu, batasema niko na kiburi. Batasema, angalieni ule, yaya yake anajua mashini!"

"Acha baseme!"

Rezo, mutandao ya telefone, ikakatika.

Nikafungua matumbo ya programu, nikasoma pole pole, kidole ku mustari, sawa mutoto wa katekismu. Mwalimu akanisaidia, tukapata ile fasi. Kuitengeneza ilikuwa mustari moya tu: mugonjwa mupya akiingia, futa kilo ya mwenye ametoka.

Kutuma, hapo njo nilipotea. Kwetu hauwezi kufika kwa bantu benye haubajue, unabatupia tu neno. Unasalimia, unauliza habari ya batoto. Na haukuye mikono mitupu. Bibi harusi mupya, akiwa kwa bukwe, kwa bazazi ya bwana yake, anashika ufagio asubui na mapema, anafagia lupango, kiwanja yote ya nyumba, mbele mama bukwe aamuke. Hakuna mwenye kumutuma, ni heshima. Minye vile vile, nikafagia. Mu ule ukurasa, mistari yenye kupindama nikainyoosha, maneno yenye haikunipendeza nikaibadilisha, fasi za bule nikazitosha, nikazitupa. Kiisha nikaandika salamu ndefu: Mungu abariki balinzi na jamaa zao, minye ni mama wa Likasi, batoto banaendelea muzuri, musinikasirikie. Habari ya kilo ilikuwa kule chini, mu mwisho. Nikafanya alama ya musalaba, nikatuma.

Kesho yake jibu ya mulinzi mumoya ikakuya.

"Sioni mustari gani inatengeneza nini. Umegusa ukurasa muzima. Tosha bingine yote. Kiraka moya, kintu moya. Na unionyeshe namna minye mwenyewe naweza kuona ile kosa."

Ata bonjour! Kwetu muntu akikujibu bila salamu, njo amekufungia mulango. Nikaketi. Niliwaza: nimemukasirikisha, kiraka ataitupa, na kule Kapolowe mutoto wa mudogo yangu atapewa dawa ya papa munene.

Bwana yangu akasoma, akacheka. "Mama batoto, ulifagia mupaka mu chumba ya baba bukwe!"

"Usicheke. Mutoto anaweza kufa."

Akasoma tena ile jibu.

Nikaenda kwa mwalimu, ata kitambaa ya kichwa sikufunga muzuri. "Mwalimu, tuombe mupe, padri wa parokia, amuandikie ule mulinzi, aniombee masamaha?"

"Mama, acha mupe na misa yake! Ule muntu hakukasirika. Anasoma biraka ya bantu mingi, na iko na kazi yake ingine. Ulimuletea sindano, kiisha ukafagia, ukaifunika na vumbi. Heshima yake ni aone sindano mara moya."

"Ao nimuandikie yeye peke, mu siri?"

"Apana. Sema palepale benye wote banasoma. Na ukisha kutuma, ngoya. Usigonge mulango kila saa."

Mbele niguse ile kazi, mudogo yangu akapiga telefone. Sauti yake ilikuwa mbaya. "Yaya, mutoto iko moto sana. Niko mu njia, namupeleka." Rezo ikakatika tena.

Nikarudia ku mashini. Nikatosha bingine yote. Iliniuma, sawa kurudisha takataka mu lupango yenye nimesafisha. Ikabakia mustari moya. Nikaandika: "Bonjour. Andika muntu munene na kilo yake. Kiisha andika mutoto muchanga, usiandike kilo. Angalia dawa yenye programu inamupatia. Hii inaweza kuua. Merci." Nikatuma.

Kungoya, ndugu yangu, ni kazi nguvu kupita kuandika. Shapele, rozari yangu, ilikuwa mu mufuko ya bluze, naivuta na vidole. Kila mutoto mwenye kuingia nilimupima, nikamurudilia, mupaka bamama bakanung'unika. Nilianza kumuandikia mulinzi, "Umeona?" Nikaifuta. Nikapigia mudogo yangu, hakuna rezo. Nikasali tena.

Mangaribi telefone ikalia.

"Yaya, uliniletea haya, aibu kabisa! Nilisema kilo na sauti kubwa, mama mumoya akasema, 'Huyu anauzisha mutoto ao ni kuku?'"

Nilicheka, machozi inatoka. "Na mashini?"

Akashusha sauti. "Mulikuwa kilo ya muntu mwingine, yaya. Niliiona na macho yangu. Munganga aliifuta. Kiisha akaketi chini."

Mutoto aliponea. Na jibu ya mulinzi niliikuta ku kazi, kesho yake: "Bonjour mama. Nilifanya vile ulisema, na nikaogopa. Minye pia niko na mutoto muchanga. Kiraka imeingia. Merci." Nikasoma na kusoma. Kumbe woga yangu ilifika kule mbali, mu mustari moya, kupita zile salamu zote.

Lakini usifikiri nalala muzuri. Programu yenye kutengenezwa haitembee na magulu yake. Fasi kwenye rezo haifike, mashini ingali na ile ya zamani. Ku Kapolowe tuliituma ndani ya flash, mu mukono ya muntu. Ku dispanseri zingine, sijue.

Njo maana naomba, hii habari isiishie kwako. Uambie mama mwenye kupeleka mutoto ku munganga: aseme kilo na sauti, ata bamucheke. Uambie mwenye kutumika ku mashini: atafute programu mupya, na mbele kubonyeza aangalie fasi ya kilo. Na ukijua muntu mwenye ameona kosa na anaogopa kutuma kiraka, mupelekee hii habari aisikie, atume mustari yake peke. Ufagio abakishe ku nyumba.