Mtoto Mmoja wa Sajini

Sajini alimnyima binti yake nafasi ya chuo kikuu akampa mtoto wa kaka yake. Hilo lisemwe kwanza, tena wazi, kwa sababu kambini watu wamelifunikafunika mno: mara "walielewana kifamilia," mara "haikuwa bahati yake." Bahati haimo. Mtu mzima alivaa sare, akaenda, akafanya. Na sare yenyewe ilipigwa pasi na mama wa binti huyo.

Mama huyo kambini anaitwa Mama Wakili. Jina lilitokana na mwanawe ambaye, angali mdogo wa kushikwa mkono, alisimama langoni akabishana na mlinzi kwamba paka wake hahitaji kibali cha kuingia. Mlinzi alicheka hadi kofia ikamwanguka. Tangu siku hiyo mtoto akawa Wakili, mama akawa Mama Wakili, na Sajini, apende asipende, Baba Wakili.

Mama Wakili hakusoma. Wenzake walipokuwa darasani, yeye alikuwa na wadogo zake mgongoni. Lakini cherehani aliijua, na kwa cherehani hiyo alishona vyeo kwenye mabega ya wanaume waliopanda ngazi huku yeye akibaki palepale. Kila Sajini alipohamishwa, mkewe ndiye aliyefunga mizigo, akaifungua, akahangaika kutafuta shule. Wakili alianza upya kila mara, kila mahali mgeni, kila mahali akikuta wenzake wametangulia. Akawakimbilia, akawafikia, akawapita. Matokeo ya mwisho yalipotoka, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe hadi mlangoni kutoa hongera.

Chuo kikuu kilitenga nafasi kwa watoto wa askari waliopigana vitani, mtoto mmoja kwa kila askari. Ada juu ya chuo, malazi juu ya chuo. Masharti yalikuwa mawili: mtoto awe amefaulu, na askari mwenyewe afike mbele ya jopo amtambulishe kwa kinywa chake. Sajini alikuwa na haki hiyo. Goti lake la kushoto lina chuma tangu vitani.

"Wametuita Ijumaa," Sajini alimwambia mkewe.

Jumatano aliomba sare. Kuna mazishi, alisema, ya mwenzao wa zamani. Mama Wakili akapiga pasi mpaka mikunjo ya suruali ikasimama kama makali ya kisu, akamfunga vifungo kwa mikono yake.

"Mpe pole mjane," akamwambia.

"Nitampa," akajibu, mkavu wa macho.

Ijumaa Sajini alisema goti limekaza, watangulie. Mama na binti walifika chuoni wakakaa kwenye benchi hadi ofisi ilipofunguliwa. Karani, dada mmoja mwenye miwani, aliangalia kompyuta yake, akaangalia tena.

"Huyu askari alishakuja, mama. Juzi. Yeye na mtoto wake."

"Mtoto wake ni huyu hapa."

"Alikuja na mvulana."

Wakili, aliyewahi kumtetea paka, alirudi hatua moja nyuma. Mama yake akashika ukingo wa meza.

"Dada yangu, huyo ni mtoto wa kaka yake. Hajalala kwetu hata usiku mmoja. Mimi ndiye niliyezaa, nakwambia."

"Nakuelewa, mama. Lakini jopo linamsikiliza askari. Wewe hukula kiapo."

"Nimekula mengine," Mama Wakili akasema.

Karani akashusha sauti. Hadi siku ya kufungua masomo, alisema, askari akirudi mwenyewe na kurekebisha neno lake, nafasi itarudi kwa binti. Bila yeye hakuna wa kufanya lolote.

Nyumbani walimkuta Sajini mezani na kaka yake wakinywa chai, goti limepona. Shemeji Mkubwa alikuwa na mfuko wa nguo mpya miguuni.

"Afadhali umekuja, shemeji," akasema. "Suruali za mwanao wa chuo zinaburuza. Zikunje kidogo chini, mkono wako unajulikana."

Mama Wakili aliuchukua ule mfuko, akaufunga fundo, akamrudishia mapajani. "Mpelekee mama yake."

"Chunga ulimi, huyo ni mkubwa wangu," Sajini akasema. "Aliniomba mbele ya ukoo. Nilipokuwa vitani, nani alimzika baba? Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia una mtoto."

"Huyo ni msichana, kesho ataolewa, elimu atawapelekea wengine. Na maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika. Umeyabeba ukamnywesha wa mwenzio, wako anakutazama na kiu yake."

Shemeji Mkubwa akacheka kidogo. "Sasa najua uwakili wa binti umetoka wapi." Kicheko kilimfia mdomoni.

Wakili alikuwa bado mlangoni, viatu havijavuliwa. "Baba, walikuuliza una watoto wangapi?"

"Waliuliza."

"Ukawajibu nini?"

Sajini alikoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. "Nilisema mmoja."

Mama Wakili angeweza kuumeza uongo wa mazishi. Hata woga wa kumwogopa kaka, mtu na ndugu yake, angeumeza kwa maji mengi. Lakini mwanamume ambaye kambi nzima humwita kwa jina la mwanawe alisimama wima, kifua mbele, akamfuta mwana huyo kwa neno moja, wala hakutetemeka.

Majirani wanakuja na ushauri wao. "Mwachie Mungu, Mama Wakili." Anawajibu kwamba ya Mungu anamwachia Mungu, na hili ni la Baba Wakili. Wengine wanamkumbusha kwamba mume ni mume. Hao hawajibu, anakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka wanaondoka.

Masomo hayajafunguliwa. Sajini huenda kucheza drafti na wastaafu wenzake, anakwenda na kurudi kwa miguu, kwa hiyo goti lisitajwe. Anadaiwa na binti yake. Hadaiwi machozi wala radhi za kunong'onezwa chumbani. Anadaiwa kurudi mbele ya watu walewale na kusema kwa sauti ileile kwamba ana binti, na kwamba yule aliyekwenda naye ana baba yake. Na baba huyo, Shemeji Mkubwa, anadaiwa kumnyanyua mwanawe kwenye kiti cha mwenzake. Deni ni la hao wawili, wanalijua, na wote wanakunywa chai yao vizuri.