Majani ya Mama na Neno "Invest"

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa, ila mke wangu asinisikie. Nilikuwa nasoma shule ya jioni hapa Lushoto, kijana mwenye daftari moja na kiburi cha madaftari mia. Mwalimu Rehema, dada mpole kutoka Tanga, aliandika ubaoni neno la Kiingereza: invest. Akasema ni kuwekeza, kuweka mali yako mahali izae. Nikaelewa. Kesho yake akasema mtu huwekeza muda pia. Nikachanganyikiwa. Wiki iliyofuata akasema hata nguvu huwekezwa, na hata moyo!

"Mwalimu," nikauliza, "muda nikishauweka, ukiiva nauvuna wapi?"

Darasa likacheka nusura bati ling'oke. "Kaka Athumani," mwalimu akajibu, "muda wenyewe haurudi. Kinachorudi ni kile ulichokifanya kwa muda huo."

Nilikwenda nyumbani kichwa kikizunguka kama kona za barabara ya kupanda huku kutoka Mombo. Kwa kuwa mengine yalinishinda, nikashika ile maana ya kwanza tu, na mwenye pupa, wanasema, hadiriki kula tamu.

Shamba letu la mlimani lilikuwa la mama, mjane, na ndilo lililotulisha. Kila ngazi ya shamba ilikuwa na ukingo wa majani ya gwatemala, marefu kuliko mimi. Nikayaona ni ardhi iliyolala bure. Mama alikuwa Kwamkoro akimuuguza dada yangu. Nikayang'oa yote na mizizi yake, nikapanda kabichi hadi ukingoni.

"Athumani, mama yako amekutuma?" wakauliza wapita njia.

"Hii ni invest!" nikajibu. Wakaenda zao. Kiingereza kina ubabe wake.

Mvua ikaja, na sikudanganyi, ilinyesha mpaka vyura wakatafuta pa kujikinga. Asubuhi kingo zimekatika, udongo mweusi wote na kabichi zangu umelala juu ya maharage ya Mama Zuhura, jirani yetu wa chini. Nikasimama pale sielewi. Si nimeweka? Mbona hakuna kitu?

Mama akarudi kutoka Kwamkoro. Akatazama shamba, akaketi chini kwenye tope. Hakunigombeza, mwanangu, na afadhali angenigombeza. Aliyesema ni mjomba Shekiondo, kaka yake.

"Majani yale alipanda nani?"

"Mama, mjomba."

"Lini?"

"Sijui."

"Hujui! Aliyapanda wewe ukiwa tumboni, akayapunguza na kuyapandikiza kila masika, ili udongo usikukimbie. Sasa wewe msomi, hiyo si ndiyo kuweka?"

"Mwalimu hakutaja majani, mjomba."

"Na mimi sijui hata herufi moja! Chukua kapu."

Nikapandisha udongo kichwani msimu mzima. Nakadiria nilihamisha mlima mmoja na robo. Mama Zuhura alisimama mlangoni kwake akinichagiza: "Bwana mwekezaji, mbona kapu halijajaa?" Nikampandia maharage upya, kisha nikachomeka vipande vya gwatemala kingo zote. Mwaka ule tulikula viazi vya kuomba kwa ndugu zetu wa Shume, na mama akakonda. Hilo sikulitia chumvi.

Mwanangu, neno lile bado linanitatiza. Cheti cha shule ya jioni ninacho, lakini ukiniuliza muda unawekwaje, nitakuna kichwa mpaka kesho. Hili tu nina hakika nalo: unapotaka kuweka kitu chako mahali, tazama kwanza kilichopo. Kiliwekwa na nani? Kinazuia nini? Waliotutangulia waliweka mengi, wala hawakuandika popote, na kwa macho ya haraka huonekana magugu. Kama ni cha mwenzio, subiri arudi umuulize. Usipoelewa, sema sielewi, hata wakicheka. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujifanya umeelewa kwenye shamba la mama yako. Na ukishaharibu, usitorokee mjini. Baki, utengeneze mchana kweupe, watu wakuone na wakutanie.

Mungu akupe macho ya kutambua jasho la wenzio, akupe mgongo wa kubeba makosa yako mwenyewe, na mama yako asilale njaa hata siku moja kwa sababu ya ujanja wako. Amina, mwanangu.