Swichi Kumi na Mbili za Nzilani

Nzilani Kaloki aliujulia umeme Mukuyuni, akitengeneza mashine za kuchomelea vyuma, na mpaka leo mafundi wa huko humsimamisha njiani wamlaumu kwa kuwatoroka. Siku hizi yuko katika hospitali ya saratani kando ya barabara ya Mombasa. Wagonjwa wanaona kitanda na mashine kubwa inayowazunguka. Yeye kazi yake ni kabati lililo nyuma ya ukuta, linalokusanya umeme na kuuachilia kwa mapigo, mamia kwa sekunde, ili elektroni zirushwe kwa kasi na kutoa miale ya kuchoma uvimbe.

Umeme huo huachiliwa na swichi kumi na mbili za semikondakta, yaani za kielektroniki zisizo na kitufe, kila moja ndogo kuliko kipande cha sabuni, zimepangwa mstari mmoja. Zinagawana mzigo. Lazima ziwake pamoja na zikate pamoja, maana moja ikitangulia kukata, mzigo wote unaiangukia hiyo peke yake na inapasuka.

Mwezi wa tatu swichi moja ilikufa. Nzilani akatia mpya, mashine ikaamka, sifa zikafika hadi kanisani kwao Kalamba. Jumapili akasimama kutoa ushuhuda jinsi Bwana alivyoongoza mikono yake, na Mzee Ndolo, shemasi, akawa wa kwanza kupiga makofi. Ambacho Nzilani hakusema ni kwamba swichi ile hakuipima kuona kama inakwenda sawa na wenzake. Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa, na kule Mukuyuni alikuwa akibandika hivyo hivyo kila siku, mashine zikifanya kazi.

Mwezi wa sita mashine ikazima saa nne asubuhi. Alimwaga umeme uliobaki ndani, akafungua kabati, akakuta swichi yake imepasuka na mbili za jirani zimekwenda nayo. Akapima ya akiba iliyotoka pakiti moja na ile. Iliwahi kukata kuliko zile za zamani. Aibu ilimshika hadi akakaa chini sakafuni.

Na Mzee Ndolo mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, koo limeshikwa na saratani, amebakiza siku nne za miale. Daktari alishaonya matibabu yake yasikatizwe.

Meneja, Bwana Ngure, akaja mbio. "Si ni hii stima yetu tu, kupanda na kushuka? Andika ni stima. Weka tatu za akiba, kesho watu waendelee."

Hakuna ambaye angejua. Nzilani alilifikiria hilo, tena sana.

"Si stima," akasema. "Ni mimi. Niliweka moja bila kupima. Nikiweka tatu hivyo, zitakufa tena. Tuagize zote kumi na mbili, za aina moja."

"Kuzifikisha hapa ni siku tisa! Na unajua lazima niandike kosa hili kwa file yako?"

"Andika."

Akaandika, barua ya onyo ikatoka kabla ya chakula cha mchana. Siku tisa hizo Nzilani hakulala vizuri hata moja. Swichi zilipofika alizipima moja moja, akazipanga, akazipima tena zikiwa pamoja.

Siku ya kumi, kabla mashine haijawashwa, alimwendea Mzee Ndolo kwenye benchi.

"Mzee, hizo siku umekosa matibabu, ni makosa yangu. Hata ile siku ya mwezi wa tatu mlinipigia makofi, sikuwa nimefanya kazi vizuri."

Nzilani alitamani agombezwe yaishe.

"Daktari ameniongezea siku tatu kufidia hizo," mzee akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Na hizi za leo, mwana wakwa, mwanangu, umezipima?"

"Zote kumi na mbili, Mzee. Mara mbili."

Mzee Ndolo akavua kofia, akampa amshikie, akaingia kulala chini ya mashine.