Namba Nyekundu ya Bwana Pinto

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumapili mchana, mvua za Machi zikiwa zimeishika Tabora. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, suruali imenyooka kwa pasi na kichwa kimejaa sifa. Hilo la sifa ulishike, maana ndilo lililotufikisha makaburini.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa karani wa simu pale stesheni, kazi yangu kugonga nukta na vistari kutwa nzima mpaka kidole kinaota sugu. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Pinto, Mgoa mwembamba, mpole, aliyependa redio kuliko chakula. Nyumbani kwake alikuwa na mtambo wa kuzungumza na wapenzi wenzake wa redio walioko Mwanza, Nairobi, hata Ulaya, kwa kibali cha serikali. Hakuuza kitu wala hakununua. Yalikuwa mapenzi tu, kama wengine wanavyopenda bao. Akanifundisha, nikafanya mtihani, nami nikapata kibali changu.

Mtambo wenyewe ulikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na redio ndogo iliyotoa sauti hafifu, kisha sanduku la chuma lililoipokea sauti hiyo na kuikuza mara nyingi. Sanduku hilo tuliliita amplifaya. Ndani yake ilisimama valvu moja, chupa ya kioo kubwa kama chimni ya taa, yenye bamba la chuma katikati, na hiyo ndiyo iliyobeba mzigo wote. Kila valvu ina kiwango chake, na walioitengeneza wamekiandika kitabuni: ikifanya kazi mfululizo, ibebe kiasi hiki, ikipata kupumzika katikati, unaweza kuiongezea kidogo, basi. Ukizidisha, bamba linaanza kuwa jekundu. Bwana Pinto aliiandika namba ile kwa wino mwekundu, akaibandika mbele ya sanduku.

Wiki ile alitumwa Kigoma kikazi. Akaniachia ufunguo wa chumba.

"Tumia, Petro," aliniambia. "Lakini hiyo namba iheshimu kama vile mimi nimekaa hapa."

"Nimesikia, bwana."

Nilisikia kweli. Kusikia hakukunishinda.

Jumapili hiyo nikawaalika makarani wenzangu wawili waje kuona maajabu. Nikaiita Nairobi. Mwenzetu wa kule akajibu kwamba ananipata kwa shida sana. Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja wao, kijana wa mjini mwenye maneno, akasema, "Ala! Mnyamwezi mzima unasikika kama mbu?"

Unajua msemo ule, mwanangu: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wapo wanaousema kwa dharau, na sisi wenyewe tumeuvaa kama kanzu ya Idi. Kwetu Ntalikwa nimekua nikisikia habari za Kasanda, kaka yake babu yangu, aliyejitwika pembe ya ndovu ya frasila nne wakati wenzake wanabeba mbili, akashika njia ya Bagamoyo na msafara mzima ukimwimbia. Kila mavuno pombe ilipoiva wimbo wake uliimbwa, na mimi nilijiona nina bega lake. Basi nilipoitazama namba nyekundu ya Bwana Pinto, niliona maneno ya mtu mwoga. Nikawaambia wenzangu, "Hiki ni kiwango cha watu wa Ulaya. Sisi hubeba."

Nikapandisha umeme. Nikagonga bila kuipa valvu nafasi ya kupumua. Nairobi ikajibu kwamba sasa sauti ni nzuri, ina nguvu, na wenzangu wakapiga makofi. Bamba likawa jekundu kama mkaa, nami nikawaambia, "Mwacheni atoke jasho." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikaongeza tena. Kioo kikalia kidogo, tii, na mwanga ukazimika.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikasema valvu ilikuwa kuukuu. Nikafungua sanduku la akiba, nikatoa ya pili, ambayo Bwana Pinto aliifunga kwa pamba kama yai, na nyingine ilikuwa haipo mpaka ije kwa meli kutoka Ulaya. Nusu saa haikupita, nayo nikaiua vilevile.

Usiku huo ilishuka mvua ambayo wazee walisema hawajaiona. Upande wa Igalula reli ilikatika na nguzo za simu zikaenda na maji. Upande wa Mwanza na wa Kigoma nako nyaya zikawa kimya. Jumanne asubuhi dada yangu Agnesi, anayenifuata kwa kuzaliwa, alikwenda kisimani Ntalikwa, na mbwa aliyekuwa akitokwa povu akamrukia na kumuuma usoni. Alikuwa amebakiza miezi miwili aolewe.

Baba alimleta mjini kwa baiskeli, amemfunga kanga kichwani. Daktari alituambia dawa ya kichaa cha mbwa imekwisha, ya karibu iko Nairobi, na ikijulikana kwamba inatakiwa inaweza kuletwa kwa ndege. Kisha akanigeukia. Alijua habari za mtambo wetu.

"Petro, hakuna simu. Iite Nairobi wewe."

Mwanangu, valvu zote mbili nilikuwa nimeziua.

Nilikwenda. Ningefanya nini? Nikaiwasha ile redio ndogo, bila amplifaya, nikagonga. Jambo lililoniuma kuliko yote ni kwamba niliwasikia, maana kupokea hakukuhitaji amplifaya. Niliwasikia Nairobi waziwazi, wakisalimiana, wakisemezana habari za mvua. Wao hawakunisikia. Mara moja mwenzetu yule wa Jumapili aligonga: kuna mtu ananiita, ni nani, rudia. Nikarudia mpaka mkono ukafa ganzi. Akasubiri kidogo, akaenda zake.

Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Wamesikia?"

"Bado, baba."

Aliuliza hivyo siku tatu. Hakuuliza kwa nini. Siku ya nne mpenzi mmoja wa redio wa Mwanza alizipata nusu za maneno yangu, akaziunganisha, akazipeleka Nairobi kwa mtambo wake. Siku ya tano ndege ikatua na Agnesi akaanza kuchomwa sindano. Mwezi haukuisha, tukamzika.

Nilimwuliza daktari kama siku zile nne ndizo zilizomuua. Alisema jeraha la usoni lina haraka, hata dawa ya mapema wakati mwingine hushindwa. Nikamwuliza tena. Akasema, "Huenda." Nimezeeka na neno hilo, mwanangu.

Bwana Pinto aliporudi nilimweleza yote. Aliibandua ile karatasi, akanipa. Hakunitukana hata neno moja, na ningeshukuru kama angenitukana.

Baada ya matanga nilikwenda kwa babu yangu, Mzee Mihayo, aliyekuwa mpagazi ujanani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikapiga magoti nikamwambia nilichokifanya na kwa nini. Nilimtaja Kasanda. Mzee akashtuka kama aliyeguswa kidonda.

"Mjukuu wangu, wewe umeusikia wimbo. Hadithi yake hujaisikia."

Akaniambia. Kasanda hakufika Bagamoyo. Huko Ugogo, siku ya tatu bila maji ya kutosha, alianza kutokwa damu puani, naye akakataa kuitua pembe kwa sababu watu walikuwa wakimwimbia. Alianguka mchana. Walimfunika kwa matawi kando ya njia.

"Na pembe ile?" nikauliza.

"Wakaibeba watu wawili kwa mti," babu akasema. "Tangu mwanzo ilikuwa ya watu wawili. Na mimi nilikuwa mmoja wa waimbaji. Ndiyo maana mwisho wake hatuuimbi."

Kisha mzee akalia, nami nikalia naye, kila mmoja na maiti wake.

Basi, mwanangu, nisikilize mimi mzee wako. Kila chombo kina kiwango, na kila mtu pia, na kiwango si tusi. Aliyeandika namba alikwisha kuona chombo kikipasuka. Uliza alichokiona kabla hujaivuka namba yake. Kifaa kikishika wekundu, pumzisha. Mwili ukitoa damu, tua mzigo, hata kama dunia nzima inakuimbia. Nguvu usizitumie kujionyesha siku ya makofi, maana hujui siku ya haja itaingia kwa mlango gani. Mkiona mwenzenu amebeba cha watu wawili, msimpigie makofi: mmoja wenu ashike upande wa pili.

Mungu akupe bega la kubeba na akili ya kutua. Akujalie sauti yako isikike siku dada yako atakapoihitaji. Karatasi ya Bwana Pinto imo ndani ya Biblia yangu. Nikifa, ichukue wewe.