Siku Numbi Alipomkabidhi Mbwa Lango

Numbi alikuwa sentineli. Ndivyo mlinzi wa lango anavyoitwa Lubumbashi nzima, na huwezi kumkosea: koti zito hata jua likiwaka, na kiti ambacho wenye nyumba walishakitupa. Numbi alilinda kwa Aristote, muuza vipuri vya magari, tangu nyumba ile ya mtaa wa Golf ilipokuwa msingi na rundo la mchanga. Watoto wa tajiri wake walijifunza kutembea mbele yake, wakajifunza kuendesha gari mbele yake, wakaenda kusoma mbali. Yeye alibaki palepale, akifungua lango na kulifunga.

Kitu kimoja tu cha maana alikuwa nacho, filimbi ya shaba aliyoachiwa na baba yake. Mzee huyo alikuwa kapita wa reli huko kaskazini mwa Katanga, yaani msimamizi wa kundi la vibarua, na filimbi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwainua watu na nyundo zao asubuhi. Numbi aliipiga kuwatisha watu wenye mikono mirefu, na zaidi kwa kujifurahisha.

Basi ikatokea wezi wakaruka ukuta wa jirani mchana kweupe, sentineli wa pale akiwa kitini, macho wazi, redio sikioni. Aristote alipigwa na woga mpaka chakula kikamshinda. Akatamka kwamba anataka mbwa, tena mbwa mkubwa, na kila rafiki aliyepita akamsifia wake. Mmoja alimwambia achukue berger allemand, mbwa mchungaji wa Kijerumani, mwingine rottweiler, na mmoja ambaye hajawahi kufuga hata kuku akamwonyesha kwenye simu picha ya mnyama mwenye kifua kama mlango.

Mwisho akaitwa Dokta Michée, daktari wa mifugo, mtu mpole asiyependa kukurupuka. Numbi aliambiwa asimame asikilize, kwa kuwa yeye ndiye atakayemlea huyo mbwa. Papo hapo Aristote akamaliza habari yote kwa sentensi moja.

"Papa Numbi, imbwa ikikomaa, weye utapumuzika."

Alisema vile kwa tabasamu, kama mtu anayegawa zawadi. Numbi akaitika "Ndiyo, Patron." Mwanaume wa umri wake akipumzishwa kazi, nani atamchukua? Ana koti na filimbi, hana mbele wala nyuma.

Dokta alieleza bila haraka. Mbwa wakubwa wanavutia macho, alisema, lakini wana magonjwa yao: nyonga zinazolegea, tumbo linalojipinda, moyo unaochoka mapema. Berger allemand wengi wanaouzwa mjini migongo yao imeteremka, na wakifika umri wa kufanya kazi hawawezi kuinuka. Kama wanataka mwenye nguvu, kuna mama mmoja Sakania, mpakani, anafuga mbwa aina ya boerboel waliotoka upande wa Zambia, na mama huyo haoni haya kukuonyesha wazazi wa mbwa. Akawaonya wasichukue mtoto ambaye hajaacha ziwa vizuri, wala mwenye tumbo lililovimba, wala mwenye tongotongo. Na wakishamchukua wasimvimbishe kwa chakula, maana mifupa ya mbwa mkubwa inataka kukua polepole.

"Musiangalie sura," alimaliza. "Muangalie vile mama yake iko anatembea. Na mutoto mwenye akikimbia miguu ya nyuma inaruka pamoja sawa kalulu, mumuache."

Kalulu ni sungura. Aristote wakati huo alikuwa ameshapokea simu ya kontena lake. Numbi ndiye aliyesikia.

Jioni, kwao katika komuni ya Kenya, kitongoji cha mjini humo humo, alimsimulia mkewe Constance. Constance aliweka pembeni mwiko wa bukari, yaani ugali.

"Baba Lydie, weye mwenyewe unaenda kuchagua mwenye atakufukuza ku kazi?"

Akamfundisha la kufanya, nalo lilikuwa jepesi: anyamaze. Tajiri atapenda mbwa mbaya kwa sababu ni mkubwa, atamchukua, mbwa atakuwa kiwete, na lango litabaki na Numbi. Hakuna uongo hapo, alisema Constance, ni mdomo kufungwa tu. Numbi akaona mke wake ana akili, akaahidi.

Safari ya Sakania aliipiga akiwa nyuma ya pick-up, kando ya boksi tupu, vumbi likimpaka hadi kope. Mama Chileshe, mfugaji, aliwapokea uani kwake na kumfungulia mbwa jike, rangi ya majani makavu, kichwa kama sufuria ya msibani. Jike alitembea imara, miguu ya nyuma ikimfuata sawasawa. Watoto wake wakamwagika nyuma yake. Aristote akawasahau wote isipokuwa mmoja, mnene, mkimya, mkubwa kuliko ndugu zake. Akamwinua kwa ngozi ya shingo, kama wanavyofanya wengi huku, wakiamini asiyelia ndiye shujaa. Yule hakulia.

"Huyu," akasema Aristote.

Akamweka chini, mtoto akakimbia kwenda kwa mama yake. Miguu ya nyuma ikaruka pamoja, tup, tup. Numbi akaiona. Akafurahi kwa aibu, maana Mungu alikuwa amemwekea kazi yake pale chini, na hakutakiwa hata kunyoosha mkono aiokote. Alichotakiwa ni kunyamaza.

Sasa Aristote, ambaye hajawahi kumwomba ushauri hata wa kupaka rangi lango, siku hiyo akageuka.

"Papa Numbi, huyu iko muzuri?"

Laiti asingeuliza. Kunyamaza Numbi aliweza, alikuwa amenyamaza maisha yake yote. Ila kuulizwa kwa jina, uso kwa uso, halafu aseme ndiyo huku anajua ni hapana, ulimi ulikataa.

"Patron, huyu iko anaruka sawa kalulu. Ile Dokta alisema."

Mama Chileshe akacheka, akakiri kwamba huyo hakuwa na nia ya kumuuza kwa ulinzi, ingawa alikuwa hajasema neno pesa ilipokuwa inakaribia kutoka. Wakachukua mwingine, mwembamba kidogo, macho safi, miguu imenyooka, aliyelia kwa hasira alipoinuliwa. Njia nzima ya kurudi alilala ndani ya koti la Numbi. Numbi alijitukana kimoyomoyo hadi mjini, huku ameushika ule mwili wa moto usigongwe na mashimo ya barabara. Constance alipopata habari hakugombana naye. Alilala akiwa amempa mgongo, na hilo lilimuuma zaidi.

Jina lilitoka kwa Aristote, ambaye hakujua analotenda. "Tumuite Kapita," alisema. Hilo ndilo jina watu walilomwita baba yake Numbi mpaka kaburini.

Akamlea. Alimpikia bukari laini na vichwa vya samaki, akampimia, akawafukuza wapishi waliotaka kumrushia mabaki. Alimfundisha kwa filimbi: mlio mrefu, njoo, milio miwili mifupi, nyamaza ukae. Kapita akakua polepole kama Dokta alivyotaka, akawa na kifua, akawa na sauti inayotikisa bati la lango, na hakumdhuru mtu aliyeingia kwa ruhusa. Dokta Michée alimpapasa nyonga akasema amepata kuona wachache wenye afya ya namna ile. Aristote alisifiwa na rafiki zake wote. Kila sifa ilimsogeza Numbi karibu na barabara, naye alijua, na kila asubuhi aliendelea kupima bukari. Afanye nini? Amnyime mnyama chakula?

Siku ilipofika hakukuwa na ugomvi. Aristote alimweleza kwa upole kwamba sasa kuna kamera ukutani na kuna Kapita, na mzee kama yeye anastahili kukaa na wajukuu. Numbi, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuomba, siku hiyo aliomba. Alisema yeye na Kapita kazi yao ni moja, waachwe wote wawili.

"Papa Numbi, geti moja, mulinzi moja," akajibu Aristote.

Lakini huku kwetu mtu haondoki kazini hivi hivi. Waziri akitoka, mwalimu akitoka, hata mwenye funguo za choo cha soko akitoka, lazima kuwe na remise-reprise: anayeondoka anamkabidhi anayeingia vitu vyote, mbele ya shahidi, kila mtu ajue kipi ni cha nani. Aristote alipenda utaratibu. Akasimama uani, Numbi akakabidhi funguo, tochi, fimbo na kiti. Aliyekabidhiwa alikuwa amekaa chini, ulimi nje, akimwangalia Numbi kana kwamba ni mchezo mpya.

"Na filimbi," akasema Aristote.

"Patron, hii ni ya baba yangu."

"Minajua. Lakini imbwa inasikia hii tu."

Alisema kweli, na ukweli huo Numbi ndiye aliyeutengeneza kwa mikono yake. Akaitoa shingoni.

Likabaki moja. Aristote alikuwa amesikia, kama wote walivyosikia, hadithi za masentineli waliofukuzwa wakarudi na wezi. Hakumshuku Numbi, alisema, ila mbwa asiyembwekea mlinzi wa zamani ni lango lililo wazi. Numbi atoke nje, afike kama mgeni, na Kapita ambwekee. Numbi akatoka, akazunguka, akarudi akagonga.

Ndani hakukusikika kubweka. Kulisikika mkia ukipiga bati la lango, tang, tang, tang, halafu pua ikinusa kwenye upenyo wa chini na kilio chembamba cha furaha. Numbi aliegemea ukuta. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia hofu.

Aristote alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema atawapa nafasi nyingine Jumamosi. Kapita akishindwa tena, atapelekwa kwenye depo ya madini ya rafiki yake nje ya mji, wanakofunga mbwa kwa minyororo kati ya malori, naye atatafuta mwingine asiyemjua Numbi. Kwa vyovyote vile Numbi harudi. Ili ajue.

Nyumbani Constance alimsihi awaache wampeleke. Imbwa ni imbwa, alisema, nawe ni muntu, na muntu hakuna aliyemhurumia. Numbi aliwaza shingo ile ndani ya mnyororo, miguu ile iliyonyooka ikikaa juu ya mafuta machafu, akaona hawezi kulibeba hilo juu ya yale mengine. Jumamosi asubuhi alikwenda kwa jirani yao Guelor, motard, mwendesha pikipiki za abiria, ambazo huku huitwa moto, akamwomba jaketi lake, buti zake na kofia yake ya chuma yenye kioo cheusi. Guelor akadhani mzee amepata kazi, akampongeza. Numbi alizilowesha buti kwa petroli kidogo, akalimwagia na jaketi ili harufu yake ipotee, akashika njia.

Lango aliliona kwa mbali kupitia kioo kile, limekuwa jeusi kama la nyumba asiyoijua. Hakutembea mwendo wake. Alikanyaga kwa kishindo, na alipofika hakugonga, akalipiga bati teke.

Kapita akalipuka. Alibweka kwa kifua chote, akaruka mpaka kucha zikakwaruza bati juu kabisa, akarudi nyuma akaruka tena. Sauti ile Numbi ndiye aliyeilea tangu ilipokuwa kilio ndani ya koti. Aristote akachungulia kwenye kitundu cha lango.

"Papa Numbi, ni weye?"

Numbi akainua mkono tu. Angejibu, mbwa angemjua.

"Sasa hii ndiyo imbwa," akasema Aristote, ameridhika kabisa, bila kuuliza habari ya kofia. "Unaweza kwenda, papa. Mungu akubariki."

Halafu akapuliza filimbi, milio miwili, kwa pumzi mbovu ya mtu asiyezoea. Kapita akanyamaza. Zikasikika nyayo zake zikiondoka langoni, zikienda kwa mwenye filimbi.

Numbi alibaki amesimama. Alitaka kuliita jina lile mara moja, kwa sauti ya chini tu, na jina lilifika mpaka kwenye meno. Akaligeuzia lango mgongo. Machozi yalikuwa yanamtiririka ndani ya kofia, na hakuweza kuyafuta, kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma kuelekea uani na kofia ikivuliwa harufu yake ingepita chini ya lango.

Alitembea hivyo hivyo, kichwa kikiwa ndani ya kofia, hadi kwenye njia panda. Mama mmoja mwenye kapu la mboga akamwinulia mkono.

"Motard, unaenda Kenya?"

Numbi akasimama. Alifungua kioo, akamwonyesha uso wake na mikono yake mitupu.

"Mama, miye naenda Kenya," alisema. "Lakini sina moto."