Mashine Isiyo na Tundu la CD

Dada mmoja, muuguzi wa Kiomboi, alikuwa mteja wangu tangu nilipofungua duka la gemu hapa Utemini. Kila akishuka mjini alimchukulia mwanawe CD, na ile ya zamani akairudisha, nikambadilishia kwa nyongeza kidogo. CD moja ilizunguka nyumba hadi nyumba, na mimi nikala humo humo.

Mwaka jana akaja na mashine mpya ya gemu, zawadi ya mumewe aliyeko Dar. Nikamtolea CD. Akaigeuza mashine pande zote.

"Kaka, naiingizia wapi?"

Nami nikaigeuza. Haikuwa na tundu. Habari za mashine hizo nilikuwa nazisikia tu.

"Dada, hii gemu zake zinapakuliwa kwenye intaneti. Kampuni yenyewe ndiyo inayouza."

"Kwa hiyo wewe huniuzii kitu?"

"Sikuuzii."

"Na mwanangu akimaliza kucheza, nikuletee unibadilishie?"

"Haiwezekani. Gemu imefungwa kwenye akaunti yake. Hata jirani huwezi kumwazima."

Akanitazama kama vile sheria hiyo niliitunga mimi. Kisha akaniomba nimpakulie, maana kwake mtandao ni wa kusuasua. Ningemkatalia vipi? Mchana kutwa, na kesho yake, nilikaa nikitazama mstari wa bluu ukijivuta kwenye skrini. Umeme ukikatika, unasimama. Nyuma yangu kabati limejaa CD hadi juu. Nilijua ninamkaribisha kwa mkono wangu yule atakayenifungia duka.

Nilikwenda kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa akiniuzia mzigo wa jumla, nikamwamkia, nikamwomba azichukue CD zangu hata kwa hasara. Akacheka bila furaha.

"Mwanangu, hata zangu zimelala stoo."

Mke wangu, aliyebaki shambani Misigiri, akasema nifunge nirudi tukalime alizeti. Lakini kodi ya chumba nilikuwa nimeshailipa ya mwaka mzima, na mwenye nyumba harudishi.

Siku hizi watu wananiletea mashine zao niwapakulie. Hata kwenda kula naogopa. Bando likiisha katikati, lawama ni zangu. Jana mke wangu kapiga simu.

"Unakuja lini?"

"Bado inapakua," nikamjibu.

Akasema mvua zimeshaanza na wenzetu wako shambani.