Nilimwambia Tajiri Kwamba Ni Plasta

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata leo masikio yananiwaka kwa haya, ingawa nimezeeka na vitu vya kunitia haya vimebaki vichache. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza shule kwa masista, najua Kifaransa cha kutosha kuwachosha watu, na nilikaa kwa shangazi yangu Verediana hapa Kagarama, nje kidogo ya mji, wakati Kagarama bado ina mashamba ya mihogo na ndama wanafungwa kando ya barabara. Siku hiyo nilimdanganya tajiri mmoja, na uwongo ule nusura ututoe sote katika kazi yetu.

Niache kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana ninyi vijana mnaiona ukutani hotelini mkadhani imetoka kiwandani. Shangazi alizaliwa Gisaka, kule mashariki, ambako wanawake tangu zamani hupamba kuta kwa mavi ya ng'ombe. Sisi tunayaita amase, na neno hilo kwetu si tusi. Unachukua ya ndama, kwa sababu ni laini, unayachanganya na majivu mpaka wadudu na harufu vinakwisha, kisha kwa vidole unainua matuta membamba juu ya ubao, moja baada ya jingine, yanayopinda na kukutana bila rula. Yakikauka unayasugua kwa jiwe, unapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Ukikosea tuta moja, unalibandua na kuanza upya. Shangazi alikuwa akibandua hata lile ambalo mimi niliona halina kosa, na nikinuna ananiambia nitoke nje nikanune huko.

Kazi hiyo aliifanya na wanawake wawili, Mama Furaha na Mama Janvie, na mimi nikawa wa nne, ingawa wa mdomo zaidi kuliko wa mikono. Ule ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya kaskazini. Faranga ilikuwa imeshushwa thamani, bei ya kahawa imeanguka, na sukari uliyoinunua Jumatatu ilikuwa na bei nyingine Ijumaa. Watalii walikwisha kabisa. Miezi minne hatukuuza hata ubao mdogo. Mama Furaha alikwisha kusema kwamba mwezi ukiisha hivyo hivyo, yeye anakwenda sokoni Nyabugogo kuuza nyanya, na Mama Janvie alikuwa tayari kumfuata. Shangazi hakuwazuia, maana wana watoto. Alichokuwa nacho ni kitu kimoja tu cha kuuza: mbao sita kubwa zinazoungana kuwa ukuta mmoja, kazi ya karibu mwaka mzima. Zikiuzwa, tunaendelea wote wanne. Zisipouzwa, ndiyo mwisho.

Sasa hapa ndipo kuna jambo ambalo sikulielewa ujanani, na wengi hawalielewi. Katika shida ile, wako waliokuwa wakinunua vitu vya thamani kuliko hata zamani. Wafanyabiashara wakubwa, mawakala wa mizigo, wenye malori. Walikuwa wanaziogopa pesa zao wenyewe. Leo unazo, kesho zimekuwa karatasi, kwa hiyo wakanunua viwanja, wakanunua ng'ombe, na wengine wakaanza kutafuta kazi bora za mikono na kuzipanga sebuleni, wakialikana na kuoneana wivu. Mimi nilichukia. Watu waliokimbia vita wanalala chini ya nailoni nje ya mji, na mtu anapamba ukuta! Nilimwambia hivyo Shangazi, akanijibu kwamba nikimaliza kuchukia nimsaidie kupepeta majivu.

Basi Jumamosi hiyo Shangazi alikwenda kuchimba udongo mweupe, akaniachia maagizo mawili. Bei ya mbao sita ni hii, usiishushe. Na mtu akiuliza zimetengenezwaje, mweleze yote. Saa nne gari likasimama. Akashuka mzee mmoja mnene, mtaratibu, Mzee Anastazi, ambaye malori yake yalileta bidhaa kupitia mpaka wa Rusumo tangu barabara ya kaskazini ifungwe. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, na alikipenda. Nyuma yake alikuwa dada yake, amevaa viatu vyeupe, ananukia marashi ambayo sijayanusa tena.

Mzee alizitazama zile mbao muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya tuta, polepole, mpaka mwisho wake. Akauliza bei. Nikaitaja. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza:

"Binti, hii imetengenezwa na nini?"

Mwanangu, nilitazama vile viatu vyeupe. Nikakumbuka wasichana wa shule walivyokuwa wakiziba pua nikipita. Nikaona aibu ya kutamka neno mavi mbele ya mwanamke yule, na ulimi ukaenda wenyewe.

"Ni plasta, mzee. Plasta safi ya dukani. Haina uchafu wowote."

Akaondoa kidole ubaoni. Uso wake ukazimika, sijui niseme vipi tena.

"Plasta? Nyumba yangu yote iko plasta, binti. Mi nilikuwa natafuta ile ya wamama wa Gisaka. Twende, dada."

Wakaingia garini. Na mimi, badala ya kusema kweli, nikafanya upumbavu wa pili. Nilidhani amekimbia bei. Nikalikimbilia gari, nikagonga kioo, nikamwambia namwachia kwa nusu. Akanitazama kwa huruma.

"Bei nilikuwa nimeshaikubali," akasema, na gari likaondoka.

Shangazi aliporudi nilimweleza kila kitu nikilia. Mama Furaha alikuwepo, akakunja kitenge chake cha kazi, akakiweka kwenye kikapu. Nilitamani Shangazi anipige. Alitua gunia la udongo, akanawa, akakaa.

"Umeyaonea haya amase," akasema. "Haya. Ada yako kwa masista niliilipa na nini? Sketi ya bluu niliinunua na nini? Miaka sita umekula amase, umevaa amase, umeandika kwa amase, na leo mtu amekuja kutoka mjini kuyatafuta, wewe ukamfukuza."

"Nilifikiri atadharau, Shangazi."

"Hukufikiri. Uliogopa. Kama angedharau, dharau ingekuwa yake, angeenda nayo kwake. Na ile nusu bei uliyomkimbilia nayo, ulikuwa unauza mwaka wa nani? Wako?" Akajifuta mikono. "Kesho ibada ya kwanza ikiisha, utakwenda Kiyovu kwa matajiri, nyumbani kwake. Na ndoo."

Sikulala vizuri, lakini hilo si la kusimulia. Asubuhi Shangazi mwenyewe ndiye aliyejaza ndoo kwa jirani mwenye ndama, akaifunika jani la mgomba, akanipa majivu kwenye mfuko na kibao kidogo kitupu. Taksi zilikataa kunipakia, kwa hiyo nilitembea na ndoo kichwani, nikiwa na gauni la kanisani, nikipishana na watu waliotoka misa. Wengine walinisalimu kwa heshima, wengine wakacheka. Nilipofika Kiyovu shingo ilikuwa imekufa ganzi, na mlinzi wa geti aliniuliza kama nimepotea njia ya shamba.

Mzee Anastazi alikuwa barazani anakunywa chai na wageni, wanaume watatu wa aina yake. Dada yake naye alikuwepo. Nilitua ndoo, nikapiga moyo konde.

"Mzee, jana nilikudanganya. Zile mbao si plasta. Ni amase, na aliyezitengeneza ni shangazi yangu, mtu wa Gisaka."

Wageni wakacheka. Mzee hakucheka.

"Jana plasta, leo amase. Kesho itakuwa nini? Binti, mi nimefanya biashara na watu wa kila mpaka. Mtu akinidanganya mara moja, ya pili nataka kuona na macho."

"Ndiyo maana nimekuja na ndoo," nikasema.

Nikapiga magoti pale pale kwenye saruji yake iliyong'arishwa. Nikafunua jani. Nikaingiza mikono yote miwili mpaka juu ya viganja, nikamwaga majivu, nikakanda. Mwanzoni nilisikia kila kijiko kinachogonga kikombe. Nikalaza amase ubaoni, nikaanza kuinua tuta la kwanza. La pili nililikosea, nikalibandua, nikarudia, kama nilivyokuwa nikimwona Shangazi akifanya kila siku. Kufikia la tano nilikuwa nimeshasahau kwamba natazamwa. Mikono ilikuwa inajua kitu ambacho kichwa changu kilikuwa kinakikana, na nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi mno, pale sakafuni.

Nilipoinua macho, Mzee alikuwa amechuchumaa kando yangu na suruali yake ya Jumapili. Akachovya kidole ndooni, akakinusa.

"Mama alikuwa anasiriba sakafu na hii," akamwambia dada yake. "Unakumbuka? Kabla ya Noeli."

Na yule dada, yule mwanamke wa viatu vyeupe niliyemwogopa mpaka nikauza ulimi wangu, akaangua kicheko.

"Nakumbuka sana, si mimi ndo nilikuwa naenda kuyazoa? Kwani wewe binti, jana ulifikiri mimi nimetoka Ubelgiji?"

Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka na machozi. Lakini Mzee alikuwa mfanyabiashara mpaka kwenye mifupa. Alisimama, akapangusa kidole, akasema ukuta ule anautaka, ila kwa uwongo niliomwambia nimpunguzie bei, tena kwa kuwa nyakati zenyewe ni ngumu. Wale wageni wakanitazama. Nilifikiria kikapu cha Mama Furaha, nikafikiria nitakavyorudi nyumbani mikono mitupu kwa mara ya pili.

"Uwongo ulikuwa wangu, mzee," nikamwambia. "Kazi ni ya Shangazi, na yeye hakukudanganya kitu. Bei ni ile ile. Ukitaka fidia ya uwongo wangu, chukua hiki kibao nilichotengeneza mimi, ni bure."

Mzee aliinamia kile kibao. Kisha akamwita dereva, akamwambia alete gari kubwa Kagarama kesho yake. Akachukua mbao zote sita kwa bei iliyotajwa. Kibao changu alikichukua pia, mchoyo yule! Na mmoja wa wale wageni, ambaye hakuweza kuvumilia kuona mwenzake ana ukuta na yeye hana, alikuja wiki iliyofuata na dada yake mwenyewe, akaagiza wake. Mama Furaha alikikunjua kitenge chake. Hatukwenda Nyabugogo.

Mwaka wa tisini na nne ulikuja, ule wa mauaji ya kimbari, na siwezi kuupita kana kwamba sikuuona. Nyumba ile ya Kiyovu ilivunjwa, na ule ukuta sijui ulikwenda wapi. Shangazi Verediana hakuuvuka mwaka ule. Mama Janvie naye. Yaliyobaki ya siku zile yamebaki kwangu na kwa Mama Furaha, na tulipoanza tena hatukuwa na mbao, hatukuwa na wateja, tulikuwa na mikono na jirani aliyepata ndama mmoja. Tukamwomba amase. Wale wasichana kumi na wanne unaowaona kwenye kibanda changu leo wameanzia hapo, na kila anayeingia namfundisha kwanza kutamka kwa sauti, mbele ya mgeni, kile anachokishika.

Basi sikia, mwanangu, nikuambie waziwazi. Nyakati zikiwa ngumu usikimbilie kuifanya kazi yako iwe rahisi ili ipate mnunuzi. Mwenye pesa anayeogopa kesho hatafuti kitu rahisi, anatafuta kitu cha kweli kitakachobaki mikononi mwake, na kama chako ni cha kweli, taja bei yake ukiwa umesimama wima. Usipoteze pumzi kumchukia kwa kununua wakati wengine wanakosa. Pesa yake ikiingia nyumbani kwako kwa haki, walishe nayo wanaokosa, kama Shangazi alivyowalisha watoto wa wenzake. Usidhani unajua mtu anadharau nini kwa kutazama viatu vyake. Ukishadanganya, rudi mwenyewe kwa miguu yako, beba ushahidi wako kichwani, na usimlipishe mwingine kosa lako. Na mahali ulipotoka, na mikono iliyokulea, na kitu kilicholipa ada yako, viite kwa majina yake.

Sisi huku tukimbariki mtu tunamwambia: gira inka, uwe na ng'ombe. Nami nakubariki hivyo hivyo. Mungu akulinde uendako, akupe macho ya kuitambua kazi njema na moyo wa kuisimamia, akupe watu wa kukukemea ungali kijana na wa kuwakumbuka ukizeeka. Gira inka, mwanangu, na uvipokee vyote ng'ombe wako atakavyokupa, kuanzia pembe mpaka mkia, amase yakiwemo.